Michael Swann

Michael Meredith Swann (1 Machi 1920 – 22 Septemba 1990), aliyejulikana tangu mwaka 1981 kama Baroni Swann, alikuwa mwanabiolojia, mkuu wa chuo kikuu na kiongozi wa umma nchini Uingereza. Alichunguza jinsi seli zinavyogawanyika, akaongoza Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1965, kisha akawa mwenyekiti wa shirika la utangazaji la BBC hadi 1980. Nje ya nchi yake anakumbukwa hasa kwa ripoti ya mwaka 1969 kuhusu matumizi ya viuavijasumu, yaani antibiotiki, katika ufugaji. Ripoti hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza duniani kuitaka serikali iondoe dawa muhimu za binadamu katika chakula cha mifugo, kwa sababu bakteria wa wanyama na wa watu hupeana jeni za usugu.

Maisha ya awali

Swann alizaliwa katika familia ya wasomi. Baba yake, Meredith Swann, alifundisha patholojia katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Kijana alisoma Winchester College, mojawapo ya shule kongwe za bweni za Uingereza, halafu akaingia Gonville and Caius College, Cambridge, alikosomea zoolojia. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimkatiza. Kati ya 1940 na 1946 alitumika jeshini na katika Wizara ya Vita.

Mwaka 1942 alimwoa Tess Gleadowe, mwanamuziki. Baba mkwe wake, R. M. Y. Gleadowe, alikuwa mwalimu wa sanaa pale Winchester, na ndiye aliyesanifu Upanga wa Stalingrad, zawadi ya Mfalme George VI kwa watu wa mji huo. Michael na Tess walipata watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili.

Mtafiti wa seli

Baada ya vita alirudi Cambridge kufundisha na kufanya utafiti. Vifaa vyake vikuu vilikuwa hadubini na mayai ya mnyama mdogo wa baharini, wa mviringo na mwenye miiba mwili mzima, ambaye wanabiolojia humpenda kwa sababu mayai yake ni mengi, yanapitisha mwanga na yanakua nje ya mwili wa mama. Pamoja na Victor Rothschild alichunguza kinachotokea mbegu ya kiume inapoligusa yai: uso wa yai hubadilika, na mabadiliko hayo huenea na kuzizuia mbegu nyingine zisiingie. Pamoja na Murdoch Mitchison alitengeneza kifaa cha kupima ugumu wa uso wa seli kwa kuuvuta ndani ya mrija mwembamba sana wa kioo. Namna hiyo ya kupima bado inatumika maabarani, ingawa vifaa vimeboreshwa.

Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 32 tu, aliteuliwa kuwa profesa wa historia asilia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Mwaka 1962 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Lakini kadiri miaka ilivyopita alikaa zaidi kwenye vikao kuliko kwenye hadubini. Alikuwa mkuu wa kitivo cha sayansi tangu 1963, na mwaka 1965 akawa mkuu wa chuo kizima.

Dawa katika chakula cha mifugo

Ili kuelewa kazi iliyomtangaza Swann, inafaa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1950, watafiti wa kampuni ya Lederle nchini Marekani, Thomas Jukes na Robert Stokstad, walitangaza kwamba vifaranga waliolishwa mabaki ya utengenezaji wa klorotetrasaiklini walikua haraka kuliko wenzao. Hawakuwa wagonjwa, dawa kidogo tu kwenye chakula iliwafanya waongeze uzito. Kwa mfugaji hiyo ilikuwa habari njema: nyama nyingi zaidi kwa chakula kilekile. Sababu yenyewe ilibishaniwa kwa miongo mingi, lakini biashara haikusubiri maelezo.

Uingereza ilifuata haraka. Sheria ya mwaka 1953 iliruhusu penisilini na klorotetrasaiklini zichanganywe katika chakula cha nguruwe na kuku bila cheti cha daktari wa mifugo. Nchi ilikuwa bado na mgao wa nyama uliobaki tangu wakati wa vita, kwa hiyo uamuzi huo haukuwapa watu wengi wasiwasi. Ndama hawakutajwa katika ruhusa hiyo. Jambo hili dogo linasahauliwa mara nyingi, nalo lilikuja kuwa na uzito mkubwa.

Wakati huo wengi waliamini kwamba usugu wa dawa ni jambo la bakteria mmoja na uzao wake. Bakteria hupata badiliko la jeni kwa bahati, dawa inawaua wenzake, yeye anabaki na kuzaa. Kwa fikra hiyo, bakteria sugu wa tumbo la nguruwe walikuwa tatizo la nguruwe.

Habari kutoka Japani zilivunja imani hiyo. Katika miaka ya 1950 madaktari wa huko walikuta bakteria wa Shigela, wanaoleta ugonjwa wa kuhara damu, wakiwa sugu kwa dawa nne kwa pamoja: salfa, streptomaisini, kloramfenikoli na tetrasaiklini. Mwaka 1959 ilithibitishwa kwamba usugu huo wote unaweza kuhama kwa mkupuo mmoja kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa aina tofauti kabisa, kwa kugusana tu. Jeni zake zimebebwa katika vipande vya DNA vya mviringo vinavyojitegemea, viitwavyo plazmidi. Bakteria mwenye plazmidi hujiunga na jirani yake, hunakili kipande hicho na kumpa nakala, huku mwenyewe akibaki nacho. Tsutomu Watanabe ndiye aliyewafafanulia wasomaji wa Kiingereza jambo hili kwa upana, katika makala ya mwaka 1963. Mjini London, Naomi Datta alikuwa tayari ameona jambo hilo katika bakteria wa Salmonela waliotoka kwa wagonjwa wa hospitali.

Maana yake kwa ufugaji ilikuwa nzito. Bakteria wa kawaida wa tumbo la mnyama, wasiomdhuru mtu yeyote, wangeweza kuwa ghala la jeni za usugu. Mtu anapowameza pamoja na nyama isiyoiva vizuri, au anapowashika akisafisha banda, wao wenyewe huenda wasidumu ndani yake hata wiki. Wakiwahi kukutana na bakteria wa tumbo lake na kuwapa plazmidi, jeni zinabaki.

Ndama wa Uingereza

Aliyelileta suala hili mlangoni mwa serikali ya Uingereza alikuwa Ephraim Saul Anderson, mkuu wa maabara ya rufaa ya magonjwa ya matumbo huko Colindale, London. Maabara yake ilitofautisha Salmonela kwa kutumia bakteriofaji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria: kila kundi la Salmonela lina virusi vinavyoliweza na visivyoliweza, na orodha hiyo hutumika kama alama ya kidole. Kwa njia hiyo Anderson aliweza kujua kama Salmonela ya mgonjwa wa mji mmoja na ya ndama wa mkoa mwingine zina asili moja.

Katikati ya miaka ya 1960 aliona kundi moja, namba 29 la Salmonella typhimurium, likienea kwa kasi miongoni mwa ndama. Biashara ya ndama ilikuwa imebadilika. Walinunuliwa wakiwa na siku chache tu kutoka mashamba mengi, wakakusanywa pamoja, wakasafirishwa mbali na kuuzwa kwa wafugaji wa kunenepesha. Mnyama mchanga, mwenye njaa na aliyechoka, aliyebanwa na wenzake kutoka kila upande wa nchi, hupata maambukizi kwa urahisi. Wafanyabiashara walijibu kwa kuwapa dawa, wagonjwa na wazima. Salmonela hiyo ikakusanya usugu mmoja baada ya mwingine, mpaka dawa nyingi zilizotegemewa hazikufaa kitu. Kundi hilohilo lilipatikana kwa watu waliougua. Anderson alionyesha pia maabarani kwamba sehemu kubwa ya usugu huo ilihamishika kwenda kwa bakteria wengine, kama ule wa Japani.

Anderson aliandika na kusema kwa ukali, na magazeti yalimsikiliza. Mwishoni mwa 1967 ulizuka ugonjwa wa kuhara katika wodi za watoto eneo la Teesside, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Ulisababishwa na bakteria wa E. coli walio sugu kwa dawa nyingi, na watoto wachanga kadhaa walikufa. Chanzo chake hakikuthibitishwa kuwa mifugo. Hata hivyo wazazi na wabunge walitaka majibu, na kamati ya awali iliyokuwa chini ya Lord Netherthorpe, aliyewahi kukiongoza chama cha wakulima, ilikuwa imekwisha kusema kwamba suala linahitaji kuangaliwa upya na kwa upana.

Kamati ya Swann

Mwezi Julai 1968 mawaziri wa afya na wa kilimo waliunda kamati ya pamoja na kumweka Swann kuwa mwenyekiti. Hakuwa daktari, wala daktari wa mifugo, wala mtaalamu wa bakteria. Pengine hilo ndilo lililomfaa. Pande mbili zilikuwa zimeshavutana kwa miaka, nazo zilihitaji mtu anayejua kupima ushahidi wa kibiolojia bila kuwa mtumishi wa upande wowote. Miongoni mwa wajumbe walikuwemo James Howie, mkurugenzi wa huduma ya maabara za afya ya umma, na Kenneth Blaxter, mtaalamu wa lishe ya wanyama kutoka Aberdeen. Anderson mwenyewe hakuwemo.

Mwaka huohuo William Hayes, mmoja wa wanasayansi waliogundua jinsi bakteria wanavyohamishiana jeni, alihamia Edinburgh na kikosi chake cha utafiti. Kwa hiyo chuo cha Swann kilikuwa mojawapo ya mahali bora Ulaya pa kujifunzia jambo ambalo kamati yake ilitakiwa kuliamua.

Swali lililo mbele ya kamati lilikuwa gumu kwa sababu ushahidi ulikuwa wa aina mbili zisizolingana. Upande mmoja, uhamaji wa jeni ulikuwa umethibitishwa bila shaka maabarani. Upande wa pili, hakuna aliyeweza kuonyesha mgonjwa mmojammoja na kusema kwamba jeni ya usugu iliyomshinda daktari wake ilitoka kwenye gunia fulani la chakula cha nguruwe. Wenye viwanda vya dawa walishikilia pengo hilo, wakasema faida kwa mfugaji ni ya hakika na madhara ni ya kukisia. Kamati ilikataa kusubiri. Iliona kwamba ushahidi wa kumfuata mgonjwa hadi kwenye gunia usingeweza kupatikana mapema vya kutosha, na kwamba usugu ukishaenea haurudishwi nyuma kwa amri.

Ripoti ilitoka Novemba 1969. Kiini chake kilikuwa kugawa antibiotiki katika mafungu mawili. La kwanza ni dawa za chakula, ambazo mfugaji anaweza kuzinunua bila cheti. Ili dawa iingie humo ilipaswa kuwa na faida ya kweli ya kiuchumi, iwe haitumiki au inatumika kidogo tu kutibu watu na wanyama, na isilete usugu unaodhoofisha dawa nyingine za tiba. Zilizobaki ziliingia fungu la pili, la dawa za tiba, ambazo zingetolewa kwa cheti cha daktari wa mifugo anayewajibika kwa wanyama husika. Penisilini na tetrasaiklini, zilizokuwa zimechanganywa katika chakula tangu 1953, zilihamishiwa fungu la pili. Kamati ilipendekeza pia kiundwe chombo kimoja cha kusimamia antibiotiki zote, za watu na za mifugo, badala ya kila wizara kuangalia upande wake.

Serikali, kupitia Waziri wa Kilimo Cledwyn Hughes, ilikubali mapendekezo makuu mara moja. Kanuni zilianza kutumika mwaka 1971. Nchi nyingine za Ulaya Magharibi zilifuata mkondo huo katika miaka iliyofuata. Marekani mamlaka ya chakula na dawa ilijaribu jambo kama hilo mwaka 1977, ikazuiwa na bunge. Mwaka mmoja kabla yake, Stuart Levy na wenzake walikuwa wamechapisha jaribio la shamba moja la Massachusetts: vifaranga waliolishwa tetrasaiklini walipata bakteria sugu ndani ya siku chache, na baada ya miezi bakteria sugu waliongezeka pia katika matumbo ya familia iliyoishi shambani hapo.

Mpaka na mianya yake

Kanuni ya Swann ilikuwa rahisi kueleza, na hiyo ni sehemu ya sababu ilidumu. Lakini mpaka alioupiga ulikuwa kati ya dawa inayonunuliwa dukani na dawa inayotolewa kwa cheti, na jeni haziulizi cheti. Ndama wa Anderson, waliokuwa ushahidi mkubwa kuliko wote, hawakupata usugu kutokana na dawa za kukuzia. Sheria ya 1953 haikuwahusu. Walipewa dawa za tiba na za kinga, na matumizi hayo yaliachwa mikononi mwa madaktari wa mifugo. Ripoti iliziba mlango mmoja, ule ambao serikali ingeweza kuuziba kwa urahisi zaidi.

Matokeo yalionekana kabla ya muongo kwisha. Kuanzia 1977 makundi mapya ya Salmonella typhimurium, namba 193 na 204 na matawi yake, yalienea kwa ndama wa Uingereza yakiwa na plazmidi za usugu, safari hii hata dhidi ya kloramfenikoli. Yakafika kwa watu, na kwa biashara ya ndama yakavuka hadi bara la Ulaya. Mwaka 1980 jarida la chama cha madaktari wa Uingereza lilichapisha tahariri iliyouliza kwa nini Swann ameshindwa. Swali hilo halikumtendea haki sana, maana chombo kimoja cha usimamizi alichokitaka kiliundwa kikiwa dhaifu, kisha kikavunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mwanya wa pili ulikuwa wa kikemia, na ulichukua muda mrefu zaidi kugunduliwa. Penisilini na tetrasaiklini zilipoondolewa katika chakula, viwanda viliweka nyingine ambazo hazikuwa katika maduka ya dawa za binadamu. Mojawapo ilikuwa avoparsini, iliyoanza kutumika Ulaya katika miaka ya 1970. Hakuna daktari aliyemwandikia mgonjwa avoparsini, kwa hiyo kwa jina ilipita. Kwa umbo lake la kikemia, hata hivyo, ni ndugu wa vankomaisini, dawa ambayo hospitali huitunza kwa wagonjwa mahututi walioshindwa na dawa nyingine. Bakteria wanaojikinga na avoparsini kwa jeni iitwayo vanA wanajikinga na vankomaisini pia. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 watafiti wa Uingereza, Ujerumani na Denmark walikuta bakteria wa kundi la enterokoki wenye usugu huo katika kuku na nguruwe. Ukiisoma tena ripoti ya 1969, sharti la tatu la Swann lilitosha kuizuia avoparsini. Walioitumia kanuni yake waliangalia jina la dawa tu, wakaacha kuuliza kuhusu jeni.

Denmark iliipiga marufuku mwaka 1995 na Umoja wa Ulaya mwaka 1997. Sweden ilikuwa imetangulia kwa kupiga marufuku dawa zote za kukuzia mifugo mwaka 1986, na tarehe 1 Januari 2006 Umoja wa Ulaya mzima ukafanya vivyo hivyo. Miaka kumi baadaye kidogo jambo hilo lilijirudia mbali na Ulaya. Mwishoni mwa 2015 watafiti wa China walitangaza kwamba wamepata jeni mcr-1, inayowapa bakteria usugu dhidi ya kolistini na inayosafiri katika plazmidi, kwa nguruwe, katika nyama ya madukani na kwa wagonjwa wa hospitali. Kolistini, iliyokuwa imeachwa na madaktari kwa sababu huumiza figo, ilikuwa imerudi kuwa tumaini la mwisho la wagonjwa fulani. Ni dawa ambayo kwa vigezo vya mwaka 1969 ingeonekana haina haja kubwa kwa binadamu, jambo linaloonyesha ugumu wa orodha yoyote ya dawa zilizo muhimu: thamani ya dawa hubadilika na wakati. China iliiondoa kolistini katika dawa za kukuzia mifugo mwaka 2017.

Edinburgh, BBC na elimu

Kazi ya antibiotiki ilichukua mwaka mmoja na miezi michache tu ya maisha ya Swann, tena akiwa na shughuli nyingine nzito. Mwaka 1968 alikamilisha ripoti tofauti kuhusu jinsi wahitimu wa sayansi na uhandisi wanavyoingia kazini. Msomaji anayekuta maneno Ripoti ya Swann kitabuni anapaswa kutazama mwaka, kwa sababu zipo tatu.

Uongozi wake wa chuo ulikwenda sambamba na msukosuko wa wanafunzi uliokumba Ulaya wakati huo. Januari 1968 mwandishi Malcolm Muggeridge alijiuzulu cheo cha Rekta, anayechaguliwa na wanafunzi, baada ya kukataa kuunga mkono madai yao ya kupatiwa vidonge vya kupanga uzazi. Baadaye wanafunzi walifichua kwamba chuo kilikuwa na hisa katika makampuni yaliyofanya biashara Afrika Kusini chini ya ubaguzi wa rangi, jambo lililomtia Swann aibu. Mmoja wa vinara wao alikuwa Gordon Brown. Mwaka 1972 Brown alichaguliwa kuwa Rekta angali mwanafunzi, na mwaka 2007 akawa waziri mkuu wa Uingereza. Swann alipewa cheo cha Sir mwaka huohuo wa 1972.

Alikuwa mwenyekiti wa BBC kuanzia 1973 hadi 1980, wakati mfumuko wa bei ulipokuwa ukila mapato ya shirika na serikali zikilalamikia vipindi vyake. Mwaka 1980 alikwenda Oxford kuwa mkuu wa Oriel College, lakini alikaa mwaka mmoja tu. Mwaka 1981 aliingia katika Baraza la Malodi kama Baroni Swann wa Coln St Denys. Tangu 1979 hadi kufa kwake alikuwa pia mkuu wa heshima wa Chuo Kikuu cha York.

Ripoti ya tatu yenye jina lake ilitoka mwaka 1985. Ilihusu elimu ya watoto wa jamii za wachache nchini Uingereza, hasa wale wenye asili ya visiwa vya Karibi ambao shule zilikuwa zikiwaangusha. Kamati ilikuwa imeanza mwaka 1979 chini ya Anthony Rampton, na Swann aliichukua mwaka 1981. Ilisema kwamba ubaguzi ni sehemu ya tatizo na kwamba shule zote, hata zisizo na mtoto mmoja wa wahamiaji, zinapaswa kuandaa wanafunzi kwa jamii yenye watu wa asili nyingi. Kwa Waingereza wengi hii ndiyo Ripoti ya Swann wanayoifahamu.

Kifo na kumbukumbu

Swann alifariki tarehe 22 Septemba 1990 akiwa na umri wa miaka 70. Alikufa kabla enterokoki wenye vanA hawajapatikana katika mifugo, hivyo hakuona kanuni yake ikijaribiwa na dawa ambayo haikuwepo katika chakula cha wanyama alipoiandika.

Mjini Edinburgh, katika eneo la sayansi liitwalo King's Buildings, chuo kikuu kina Jengo la Michael Swann. Humo hufanyiwa utafiti wa biolojia ya seli, ukiwemo ule wa namna seli inavyogawa kromosomu zake inapokuwa mbili, karibu kabisa na kazi aliyoiacha alipokubali kuongoza chuo.